Kilatini, Biblia na Mamlaka ya Kufafanua

Kilatini kiliingia katika ibada ya Kanisa la Roma kwa sababu ile ile iliyokuja kutumiwa kukipinga karne nyingi baadaye: ilikuwa lugha iliyoeleweka na watu. Wakristo wa mwanzo wa mji huo walisali kwa Kigiriki, kwa kuwa wengi wao walikuwa wahamiaji kutoka mashariki ya dola, na Mtume Paulo alipowaandikia Warumi aliandika kwa Kigiriki. Ukristo wa Kilatini ulitangulia kukua Afrika ya Kaskazini, Karthago na miji ya jirani, tangu mwishoni mwa karne ya pili. Roma ilifuata polepole, na mabadiliko hayo yalikomaa katika karne ya nne, enzi ya Papa Damaso (366–384). Ni Damaso huyo aliyemwagiza msomi Yeronimo mwaka 382 azisahihishe Injili za Kilatini, maana nakala zilizokuwa mikononi mwa watu zilitofautiana mno. Yeronimo hakuishia hapo. Alihamia Bethlehemu, akalitafsiri Agano la Kale akifuata Kiebrania, na kazi yake, iliyokamilika yapata mwaka 405, ndiyo msingi wa Biblia inayoitwa Vulgata.

Tafsiri hiyo, ambayo baadaye ilitetewa kana kwamba ilizaliwa pamoja na Kanisa lenyewe, ilipokewa kwa fujo. Katika barua kwa Yeronimo, Augustino wa Hippo alisimulia jinsi waumini wa Oea, ambayo leo ni Tripoli nchini Libya, walivyomghasi askofu wao kwa sababu mmea uliomfunika nabii Yona kwa kivuli ulitajwa kwa jina wasilolizoea. Askofu nusura abaki bila waumini. Walei wa Oea hawakuwa na elimu ya Kiebrania. Walikuwa na masikio yaliyozoea kusikia maneno fulani tangu utotoni, na mazoea hayo kwao yalikuwa na uzito wa Maandiko yenyewe.

Dola la magharibi liliposambaratika, Kilatini cha mitaani kiligeuka kidogo kidogo kuwa lugha nyingine, huku Kilatini cha altareni kikibaki palepale. Mwaka 813 maaskofu waliokutana Tours, Ufaransa, waliagiza mahubiri yatolewe kwa lugha ya Kirumi ya wanavijiji au kwa Kijerumani, ili wote waelewe. Misa yenyewe hawakuigusa. Kwa Waslavi mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Ndugu wawili kutoka Thesalonike, Sirili na Metodi, walifika Moravia mwaka 863 wakiwa na alfabeti waliyoibuni na ibada iliyotafsiriwa kwa Kislavoni. Papa Adriano II aliiridhia ibada hiyo na Yohane VIII akaithibitisha mwaka 880, lakini miaka michache baadaye Stefano V akaipiga marufuku. Mtawala wa Bohemia alipoomba tena ruhusa ya Kislavoni, Gregori VII alimkatalia mwaka 1080, akieleza kuwa Mungu ameona vema baadhi ya sehemu za Maandiko zifichike, zisije zikadharauliwa au zikawapotosha wasiozielewa sawasawa. Katika jibu hilo suala la lugha na suala la kufafanua Maandiko yalikwisha kuwa suala moja, na kwa karne nyingi zilizofuata hayakutenganishwa tena.

Ni kosa kudhani kwamba Kanisa la Zama za Kati lilizuia kila tafsiri. Zuio lilikuja pale tafsiri ilipokwenda pamoja na wahubiri wasiotumwa na askofu. Valdo, mfanyabiashara wa Lyon, aligharimia tafsiri za Injili katika lugha ya nyumbani kwao, na wafuasi wake wakaanza kuhubiri barabarani. Miongo kadhaa baadaye, mwaka 1229, mtaguso wa Toulouse uliwakataza walei wa eneo hilo kumiliki vitabu vya Biblia vya lugha za kienyeji. Uingereza, marufuku ya Askofu Mkuu Arundel ilifuata kazi ya John Wycliffe na wanafunzi wake, waliofundisha kwamba Maandiko yako juu ya mapapa. Ujerumani, ambako hapakuwa na hofu ya namna hiyo, Biblia ya kwanza ya Kijerumani ilichapishwa Strasbourg mwaka 1466, na kabla ya Luther kuanza kazi yake matoleo 18 yalikuwa yamekwisha kutoka. Kisa kinachorudiwa mara nyingi, kwamba Biblia ilifungiwa minyororo hadi Luther alipoifungua, hakiwezi kusimama mbele ya matoleo hayo.

Jambo jipya alilolileta Martin Luther lilikuwa jibu lake kuhusu nani mwenye neno la mwisho. Hoja zake 95 za mwaka 1517 zilihusu rehema zilizouzwa, na aliziandika kwa Kilatini. Mpasuko wenyewe ulionekana Leipzig mwaka 1519, alipojadiliana na mwanateolojia Johann Eck. Eck alimsukuma mpaka akakiri kwamba si mapapa tu, hata mitaguso inaweza kukosea, na kwamba baadhi ya mafundisho ya Jan Hus, aliyechomwa moto Konstanz mwaka 1415 kwa hukumu ya mtaguso, yalikuwa ya Kikristo kabisa. Kuanzia hapo hapakuwa na hakimu ambaye pande zote mbili zingemkubali. Katika kikao cha Worms mwaka 1521 Luther aliendelea kushikilia kwamba angekana maandishi yake tu iwapo angeonyeshwa kosa kwa Maandiko au kwa hoja iliyo wazi. Akiwa mafichoni katika ngome ya Wartburg alilitafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki, akitumia maandiko yaliyochapishwa na msomi Erasmus mjini Basel. Likatoka Septemba 1522, na Biblia nzima mwaka 1534.

Kuhusu Misa, Luther alikwenda polepole kuliko wafuasi wake wengi. Thomas Müntzer aliendesha ibada kwa Kijerumani huko Allstedt mwaka 1523. Mwaka huo huo Luther alitoa utaratibu wa Misa iliyorekebishwa, lakini kwa Kilatini. Misa yake ya Kijerumani ilichapishwa mwaka 1526, na katika dibaji yake alisema wazi kwamba hataki Kilatini kitoweke ibadani. Aliwafikiria vijana wa shule, akaeleza kuwa kama Kigiriki na Kiebrania vingejulikana kama Kilatini, angependa lugha zote nne, pamoja na Kijerumani, zipokezane Jumapili kwa Jumapili. Kwa muda mrefu baadaye miji ya Kilutheri yenye shule na vyuo iliendelea kuimba sehemu za ibada kwa Kilatini.

Kama Luther alikipenda Kilatini hivyo, kwa nini lugha ikawa vita? Jibu liko katika sehemu moja ya Misa. Padre wa Kikatoliki alisali Kanuni ya Misa, pamoja na maneno ya Yesu juu ya mkate na divai, kwa sauti ya chini, akiwa amewapa waumini mgongo. Kwa mafundisho ya Kikatoliki hilo halikupunguza kitu, kwa sababu Misa ni sadaka inayotolewa kwa Mungu kwa ajili ya watu, na Mungu husikia sauti ya chini. Kwa Luther maneno yale yale yalikuwa ahadi inayotangazwa kwa watu, na ahadi isiyosikika haiwezi kuaminiwa. Ndiyo maana aliagiza yaimbwe kwa sauti. Waprotestanti walijitetea kwa sura ya 14 ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho, ambamo Paulo anauliza mtu wa kawaida ataitikiaje amina kwa sala asiyoielewa. Wakatoliki walijibu kwamba Paulo hapo anazungumzia karama ya lugha, si utaratibu wa kuadhimisha Ekaristi. Kila upande ulisoma mstari huo kwa kuanzia na imani yake kuhusu Misa, na kwa sababu hiyo hakuna aliyemshawishi mwenzake kwa mstari huo peke yake.

Upande wa Waprotestanti, kanuni ya kwamba Maandiko hujifafanua yenyewe, sehemu iliyo wazi ikiangaza iliyofichika, ilipata mtihani mapema. Erasmus alimkosoa Luther mwaka 1524 akisema kuna mambo katika Maandiko yasiyo wazi, na kwamba makubaliano ya Kanisa ndiyo mwongozo ulio salama. Luther alimjibu mwaka uliofuata kwa ukali: kiini cha Maandiko ki wazi, na giza liko machoni pa msomaji. Mabishano yenyewe yaliandikwa kwa Kilatini, lugha ambayo wasomi wote wa Ulaya waliisoma. Kisha Oktoba 1529 Luther na Huldrych Zwingli wa Zürich walikutana Marburg. Wote wawili waliyakataa mamlaka ya Papa na wote wawili walijua Kigiriki. Kati ya vipengele 15 walikubaliana 14. Katika kile cha mwisho, kuhusu mwili wa Kristo katika mkate, walishindwa. Luther alikuwa ameandika juu ya meza, kwa chaki, maneno ya Yesu kwa Kilatini, na hakutaka kubanduka kwenye maana yake ya moja kwa moja. Zwingli alishikilia kuwa tamko hilo ni la ishara. Waliachana bila kushiriki meza ya Bwana pamoja.

Zürich kwenyewe mgawanyiko ulifika mbali zaidi. Felix Manz alikuwa amejifunza lugha za Biblia katika mzunguko wa Zwingli, na katika Agano Jipya lile lile hakuona ubatizo wa watoto wachanga. Baraza la mji lilimhukumu kuzamishwa katika mto Limmat, Januari 1527. Haki ya kila muumini kusoma haikuwa haki ya kila muumini kufundisha alichokisoma, na makanisa ya Kiprotestanti yalijenga haraka kuta zao: katekisimu, maungamo ya imani kama lile la Augsburg la mwaka 1530, mitihani ya wachungaji. Watetezi wa Roma waliuona udhaifu huo, na hoja yao yenye nguvu zaidi, kwamba bila hakimu aliye hai kitabu kimoja huzaa makanisa mengi, haikuhitaji kubuniwa, matukio yaliiandika.

Uingereza ilionyesha upande mwingine wa tatizo. Kitabu cha sala cha Kiingereza cha Askofu Mkuu Thomas Cranmer kilianza kutumika kwa lazima siku ya Pentekoste mwaka 1549. Kesho yake wanakijiji wa Sampford Courtenay, Devon, walimlazimisha padre wao arudie Misa ya Kilatini, na uasi ukaenea hadi Cornwall, ambako wengi walizungumza Kikorn. Waasi waliandika madai yao: Misa irudi ilivyokuwa, na kwamba baadhi yao, kwa kuwa hawajui Kiingereza, wanakikataa Kiingereza hicho kipya. Cranmer aliwajibu kwa kuuliza kama wanaojua Kilatini huko Cornwall ni wengi kuliko wanaojua Kiingereza. Swali hilo lilikuwa na ncha, lakini liliyapita madai yao pembeni. Kilatini hakikuwa lugha ya bwana yeyote wa jirani, na watu walikwisha kukifanya chao kwa kukisikia vizazi na vizazi. Kiingereza kilikuja na askari. Maelfu waliuawa kabla uasi haujazimwa. Wales, serikali ile ile ilijifunza: sheria ya mwaka 1563 iliagiza Biblia na kitabu cha sala vitafsiriwe kwa Kiwelshi, Agano Jipya likatoka 1567, na Biblia kamili ya William Morgan mwaka 1588. Ireland ilipata jibu la ajabu zaidi, kwani sheria ya mwaka 1560 iliwaruhusu makasisi wa Kiprotestanti wasiojua Kiingereza kuendesha ibada kwa Kilatini.

Jibu rasmi la Kanisa Katoliki lilitoka katika Mtaguso wa Trento, uliofunguliwa Desemba 1545. Maaskofu waliokuwapo mwanzoni walikuwa wachache, wengi wao Waitalia, na hawakuwa na sauti moja. Machi 1546 Kardinali Pedro Pacheco wa Hispania alitaka tafsiri za Biblia katika lugha za kienyeji zihesabiwe miongoni mwa mabaya yanayopaswa kuondolewa. Kardinali Cristoforo Madruzzo, askofu wa Trento, ambaye mji wake ulikuwa mpakani mwa Wajerumani na Waitalia, alimpinga kwa hisia kali. Mtaguso haukumwunga mkono yeyote kati yao, ulinyamaza. Maazimio ya tarehe 8 Aprili 1546 yalisema mambo mengine: kwamba ukweli wa Injili umo katika vitabu vilivyoandikwa na katika Mapokeo yasiyoandikwa, kwamba kati ya tafsiri za Kilatini zilizopo, Vulgata ndiyo ya kutegemewa katika mafundisho na mijadala, na kwamba asiwepo mtu wa kuyapinda Maandiko kwa akili yake mwenyewe kinyume cha maana inayoshikwa na Kanisa au kinyume cha makubaliano ya Mababa wa Kanisa. Mwanamageuzi wa Kiprotestanti John Calvin alichapisha majibu yake mwaka 1547, akiuliza kwa nini tafsiri ipewe hadhi ambayo Kiebrania na Kigiriki cha asili hakikupewa.

Lugha ya Misa ilisubiri hadi tarehe 17 Septemba 1562. Uamuzi wa siku hiyo unastahili kusomwa kwa makini, maana watetezi na wapinzani wote wameutia chumvi. Mtaguso haukusema Kilatini ni kitakatifu, wala haukusema lugha nyingine hazifai. Ulisema kwamba Misa ina mafundisho mengi kwa waumini, ila Mababa wa mtaguso hawaoni kuwa inafaa iadhimishwe kila mahali kwa lugha ya kienyeji. Ukawaagiza wachungaji waeleze mara kwa mara, hasa Jumapili na sikukuu, yale yanayosomwa katika Misa. Laana ilimwangukia anayedai kwamba Misa lazima iadhimishwe kwa lugha ya kienyeji tu, na anayelaani desturi ya kusali Kanuni kwa sauti ya chini. Mlango ulifungwa bila kutiwa kufuli. Kilichoutia kufuli ni hofu ya miaka iliyofuata: kukubali lugha ya watu kungeonekana kama kukubali kwamba Luther alikuwa na haki.

Masharti yakaongezeka. Kanuni za vitabu vilivyopigwa marufuku, zilizotolewa na Pius IV mwaka 1564, zilimtaka mlei apate kibali cha maandishi ili asome Biblia ya lugha yake. Misale ya Pius V ya mwaka 1570 iliweka Misa ya aina moja kwa sehemu kubwa ya Kanisa la magharibi. Vulgata iliyosahihishwa kwa haraka chini ya Sisto V mwaka 1590 ilikuwa na makosa mengi hata ikaondolewa, na ile ya Klementi VIII ikachukua nafasi yake mwaka 1592. Wakatoliki wa Uingereza waliokuwa uhamishoni walichapisha Agano Jipya la Kiingereza huko Rheims mwaka 1582, likiwa na maelezo mengi ya kuwajibu Waprotestanti pembeni mwa aya. Mwaka 1615 Papa Paulo V aliwaruhusu Wajesuiti waadhimishe ibada kwa Kichina cha wasomi, na Mjesuiti Lodovico Buglio baadaye akatafsiri misale nzima, lakini ruhusa hiyo haikuwahi kutumika. Katika karne ya 18 upepo ulivuma pande mbili: mwaka 1713 Klementi XI alilaani hoja za mwanateolojia Pasquier Quesnel, miongoni mwake ile ya kwamba kusoma Maandiko ni kwa watu wote, mwaka 1757 Benedikto XIV akaruhusu tafsiri zilizoidhinishwa na Roma au zenye maelezo kutoka kwa Mababa wa Kanisa.

Ugomvi huu ulisafiri na wamisionari hadi Afrika Mashariki. Vyama vya misioni vya Kianglikana viliweka mkazo kwenye kitabu: Ludwig Krapf alianza kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili muda mfupi baada ya kufika Mombasa mwaka 1844, na kazi ya Askofu Edward Steere wa Zanzibar ndiyo iliyozaa Agano Jipya la mwaka 1883, likifuatwa na Biblia nzima mwaka 1891. Mapadre wa Roho Mtakatifu, walioanza Zanzibar mwaka 1863 na Bagamoyo mwaka 1868, walitanguliza katekisimu na sala za Kiswahili, huku Misa ikibaki kwa Kilatini. Nchini Buganda, mwaka 1879, mmisionari wa Kiprotestanti Alexander Mackay na padre Mkatoliki Siméon Lourdel walibishana mbele ya Kabaka Mutesa I, ambaye kwa masimulizi ya Mackay alishangaa kuona kila taifa la Wazungu lina dini yake na hakujua aliye mkweli ni yupi. Waumini wa pande zote mbili waliitwa wasomaji, lakini hawakusoma kwa utaratibu mmoja. Vizazi vya Wakatoliki wa Kiafrika viliimba Gloria na Kredo kwa Kilatini walichokijua kwa moyo, na mwaka 1958, huko Kamina katika Katanga, kwaya iliyoongozwa na Padre Guido Haazen ikakiweka Kilatini hicho katika ngoma na sauti za Kikongo. Wimbo huo, Missa Luba, ulikuja miaka michache tu kabla ya lazima ya Kilatini kuondolewa.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifunguliwa Oktoba 1962, ukaanza na liturujia. Patriaki Maximos IV wa Wamelkiti alikataa kuzungumza Kilatini. Kwa Kifaransa aliwakumbusha maaskofu kwamba makanisa ya Mashariki, yenye umoja na Roma, hayajawahi kuona shida kusali kwa lugha za watu, na kwamba Kristo alisema lugha ya watu wa wakati wake. Hoja hiyo iliondoa kivuli cha Luther kwenye mjadala, kwa kuwa mfano ulitoka ndani ya Kanisa Katoliki lenyewe. Hati ya liturujia ilipitishwa kwa kura 2147 dhidi ya 4, tarehe 4 Desemba 1963, miaka 400 kamili tangu Mtaguso wa Trento ulipofungwa. Iliagiza Kilatini kihifadhiwe, ikawapa maaskofu uwezo wa kupanua matumizi ya lugha za watu. Katika miaka michache lugha hizo zilijaa Misa nzima, kupita kiasi ambacho wengi wa waliopiga kura walikitazamia. Askofu Mkuu Marcel Lefebvre, aliyewahi kuwa askofu wa Dakar, aliongoza waliokataa, na mabishano juu ya Misa ya zamani hayajaisha: Benedikto XVI aliilegezea masharti mwaka 2007, Fransisko akayakaza tena mwaka 2021.

Kuhusu Maandiko, hati ya mtaguso huo huo ya tarehe 18 Novemba 1965 ilisogea mbali na lugha ya ugomvi bila kuacha msimamo. Inawataka waumini wote waisome Biblia, inaruhusu tafsiri zifanywe pamoja na Wakristo wa makanisa mengine kutoka lugha za asili, na inasema Majisterio, yaani mamlaka ya Kanisa ya kufundisha, hayako juu ya Neno la Mungu bali hulitumikia. Hata hivyo, kulifafanua kwa mamlaka ni kazi iliyokabidhiwa Majisterio pekee. Hapo ndipo Mlutheri, Mwanglikana au Mpentekoste anaposimama kupinga leo, kama babu zake. Vyama vya Biblia na Vatikano walipokubaliana mwaka 1968 juu ya taratibu za kutafsiri pamoja, walipanga kulingana na hali hiyo: vitabu vya Deuterokanoni, ambavyo Wakatoliki huvihesabu katika Agano la Kale lakini Waprotestanti hawavihesabu, viwekwe sehemu ya peke yake kabla ya Agano Jipya, na maelezo chini ya kurasa yahusu maandiko ya kale, historia na jiografia, si mafundisho yanayotenganisha makanisa. Biblia Habari Njema ya Kiswahili, iliyokamilika katika miaka ya 1990, ni tunda la ushirikiano wa namna hiyo. Inapatikana ikiwa na Deuterokanoni na bila ya vitabu hivyo.